Jioni za Karani

Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa miaka 34. Aliajiriwa mwaka 1926, kijana aliyetoka shule Dar es Salaam na cheti ambacho siku zile walikipata wachache, akaanzia idara ya forodha. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyama, akarudi Tanga kwenye ofisi ya jimbo, akamalizia idara ya upimaji hadi mwaka 1960 alipoiacha kazi. Mwajiri wake muda wote huo alikuwa serikali ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala Tanganyika, na serikali hiyo ilimhitaji kwa hesabu, barua na majalada. Hakuna mkubwa wa ofisi aliyemwagiza aandike riwaya yake ya Kusadikika. Hakuna aliyempa likizo akamalize Utenzi wa Vita vya Uhuru, utungo wenye maelfu ya beti unaosimulia Vita Kuu ya Pili. Kazi hizo alizifanya katika saa ambazo ofisi haikuzidai.

Juni 1962, miaka miwili tu baada ya kuuacha ukarani, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 53. Hebu piga hesabu hiyo taratibu, msomaji. Kama angesema kwanza astaafu ndipo aandike, fasihi ya Kiswahili ingepata kwake miaka miwili.

Hesabu hiyo inanigusa kila ninapozungumza na watu wazima wenye akili zao, wachapakazi, wanaoniambia kwamba wana jambo lao wanalolitaka sana, ila wanangoja mambo yakae sawa. Kwanza nijenge. Kwanza watoto wamalize shule. Kwanza nilipe mkopo. Wala si wavivu. Wengi wao huamka saa kumi alfajiri na kulala wamechoka. Lakini ukiwauliza uchovu wao unaelekea wapi, hukosa jibu, na swali lenyewe huwahuzunisha. Wamefanya kila walichoambiwa na maisha wafanye. Walichotaka wao wenyewe kimebaki kikisubiri zamu.

Nadhani kosa letu la kwanza ni kuchanganya mambo mawili, lengo na dira. Mwangalie kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Anajua kiasi anachodaiwa, anajua mkataba unakwisha lini, na anajua siku hiyo atakabidhiwa kadi ya pikipiki iwe mali yake. Hilo ni lengo, na ni lengo zuri kuliko mengi yanayotangazwa kwenye sherehe za mwaka mpya, kwa sababu lina kiasi, lina tarehe, na kila siku lina kitu cha kulifanyia. Linaheshimika.

Sasa subiri kadi ifike mkononi. Wiki ya kwanza ni furaha na pongezi za kijiweni. Kisha unafika mwezi ambao hakuna hesabu ya kupeleka kwa mtu, na kijana anakaa juu ya chombo chake mwenyewe akijiuliza: na sasa? Mmoja atachukua pikipiki ya pili ampe mwenziwe kwa mkataba. Mwingine atasomea ufundi wa injini, kwani muda wote ule alikuwa akipenda zaidi kufungua mashine kuliko kupakia abiria. Wa tatu ataiuza baada ya miezi michache, na hatajua fedha imekwenda wapi. Wote watatu walikuwa na lengo moja na wote walilifikia. Kilichowatenganisha ni kama kulikuwa na jambo kubwa zaidi nyuma ya lengo hilo, jambo lisilokwisha kadi inapopatikana. Dira ndiyo hiyo: kujua unataka siku zako zitumike kwa ajili ya nini. Nyumba, gari, cheti na pikipiki ni vituo vya njiani. Mtu anaweza kuvipita vyote na asifike popote, maana hakuwa anakwenda popote.

Kosa la pili tunalifanyia watoto wetu. Mtoto wa darasa la pili huulizwa na kila mgeni, "Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" Naye hujibu daktari, rubani, mwanasheria, kwa kuwa anajua majibu yanayopigiwa makofi. Miaka inakwenda, anafika kidato cha nne, anakaa mbele ya selform, fomu ya kuchagua masomo, kupanga tahasusi zake kwa mpangilio. Ya kwanza inaandikwa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Mwenyewe amekuwa akishinda maktaba na vitabu vya historia, na katika kemia hajawahi kuvuka alama za kumvusha tu, lakini baba amesema masomo ya sanaa hayana ajira, mjomba amesema daktari halali njaa, na mwalimu ana darasa zima la kushughulikia mchana huo. Mkono unaoandika ni wa mtoto. Uamuzi umetoka kwingine.

Simlaumu baba huyo. Ameona njaa kwa macho yake na anataka mwanawe asiione. Hofu yake ni sura mojawapo ya mapenzi. Wala siwezi kusema nchi haijaona tatizo: mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano na sita zilipanuliwa zikafika 65, na ndani yake zimo za muziki, sanaa na michezo. Mlango umepanuliwa. Lakini mlango mpana haumsaidii anayesukumwa kutoka nyuma. Na tuyapime mambo kwa kipimo cha haki. Taifa lenyewe, pamoja na wataalamu na wizara zake zote, liliandaa Dira ya Maendeleo ya 2025 mwishoni mwa miaka ya 1990, na muda ulipokaribia kwisha likakusanya maoni ya wananchi upya, hadi Dira ya 2050 ikazinduliwa Julai 2025. Nchi inajipa miaka 25, kisha inakaa kitako na kujiuliza tena. Mtoto wa miaka 17 tunamtaka aamue mara moja, mbele ya wazee, na akibadili nia baadaye tunamwita kigeugeu.

Basi mtu anaijuaje dira yake? Hapa ndipo ushauri mwingi unapotupoteza, kwa kuwa unatuambia tufumbe macho tutazame ndani ya mioyo. Moyo wa mtu asiyejaribu lolote hauna la kumwambia. Mimi ninayemwamini katika jambo hili ni mwanamke aliyeuza vyungu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watumwa, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa hilohilo: Mtumwa. Shule hakupelekwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti akaishika kazi ya kuvichukua vyungu kutoka shamba kwenda kuviuza mjini, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu, mzigo kichwani. Inasimuliwa kwamba alivinadi vyungu vyake kwa kuimba, na sauti yake ikasikika mbali. Huko ndiko alikokutana na kipaji chake: njiani, kazini, katika shughuli ambayo wengine wangeiona ya kudhalilisha. Hakukaa chini akaamua kuwa mwimbaji mashuhuri. Aliimba ili vyungu vinunuliwe, akagundua kwamba watu wanasimama kumsikiliza hata wasionunua.

Kugundua peke yake hakutoshi, na wengi huishia hapo. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, alihamia mjini. Katika umri huo, mwanamke wa zama zake alikuwa amekwisha kuwekewa hitimisho na jamii. Yeye akaanza kujifunza. Alifundwa uimbaji na mpiga udi Ali Muhsin, akaingia katika kundi la wanamuziki, akaimba miaka na miaka kwenye majumba ya watu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Katika mji ambao taarabu ya watukufu iliimbwa kwa Kiarabu, sauti ya binti wa Fumba iliimba kwa lugha ya wapagazi na wachuuzi, na ikasema waziwazi juu ya dhuluma walizotendewa wanyonge na wanawake. Tangu kuhamia mjini hadi Bombay ilipita miaka 17. Anayetaka kujua kulea kipaji kunachukua muda gani na aanzie hapo.

Aliyeuandika wasifu wake ni Shaaban Robert. Kitabu kilitoka mwaka 1958, mwandishi akiwa bado anaripoti ofisini. Sishangai kwamba alimchagua huyu. Wote wawili walipewa na dunia kazi moja, wakaifanya kwa uaminifu, na katikati ya kazi hiyo wakajichagulia nyingine.

Kuna jambo la tatu ambalo vijana wa leo wanastahili kuambiwa kwa uwazi. Dira yako kuwa yako mwenyewe haina maana kwamba ni kwa ajili yako peke yako. Wangari Maathai alikuwa mtu wa maabara. Alisomea biolojia Marekani, akarudi Kenya, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza kufika hapo katika Afrika Mashariki na Kati. Lengo lake lilikuwa utafiti na ufundishaji. Alikuwa akichunguza kupe waenezao ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, na uchunguzi huo ukampeleka vijijini kuwakusanya kupe hao. Huko aliona zaidi ya kupe. Ng'ombe walikuwa mbavu nje kwa kukosa malisho. Mito aliyoijua utotoni Nyeri ikiwa na maji maangavu ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Wanawake katika mikutano ya baraza lao la kitaifa walilalamika juu ya kuni, maji safi na chakula. Aliyaunganisha hayo yote akaona chanzo ni kimoja: miti imekatwa. Mwaka 1977 alianza kwa kupanda miche saba mjini Nairobi, na kazi hiyo ikakua ikawa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, lililokuja kupanda miti kwa makumi ya mamilioni.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba hakwenda kutafuta dira. Alikwenda kutafuta kupe. Lakini alipoliona tatizo kubwa kuliko lile lililomleta, hakusema hilo si la idara yangu. Alikubali lengo la zamani lipishe lipya. Gharama yake ilikuwa kubwa: ndoa ilivunjika, kazi ya chuo kikuu aliipoteza, alipigwa, aliwekwa mahabusu. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja mwaka 2004, miaka 27 baada ya miche saba. Katika muda mwingi wa miaka hiyo hakuna aliyemwahidi tuzo yoyote.

Hapa ndipo pagumu, nami sitaki kupaficha. Kuchagua ni kuacha. Wahenga walishasema mshika mbili moja humponyoka, na kila anayejiwekea dira atakutana na siku ya kuachia kitu. Anayetaka kuwa mwandishi ataacha vikao fulani vya jioni. Anayetaka kulea watoto wake kwa mikono yake huenda akakosa cheo. Anayetaka kulima hatapata heshima ya tai shingoni. Tunapenda malengo yetu maadamu hayatudai. Yanapoanza kudai ndipo tunajua yapi ni yetu na yapi tuliyaazima kwa jirani.

Na siku hizi tunaazima mengi. Kaa ndani ya daladala jioni, gari limesimama foleni Mbagala, utazame vidole vinavyopandisha picha kwenye simu: harusi ya mtu, nyumba ya mtu, safari ya mtu Dubai. Kufika kituoni abiria amekwisha kuyatamani maisha kumi, na yote si yake. Hakuna ubaya kuona wenzako walivyofanikiwa. Ubaya ni kushuka garini ukiwa na deni la moyo ambalo hukulikopa, ukaanza kulilipa kwa fedha na miaka yako.

Je, kujichagulia lengo ni lazima uache kazi? Shaaban Robert ametuachia majibu mawili. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka mwaka 1968 yeye akiwa amekwisha kufa, Utubora anaiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima shamba. Anaaga bila kinyongo, anajua anachokiacha na anachokwendea. Lakini aliyembuni Utubora hakuacha kazi. Alikuwa na familia ya kulisha. Alikuwa amefiwa na mke na kubaki na watoto, ambao aliwatungia tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mvulana. Alivumilia ofisi na ubaguzi wake, akazilinda jioni zake. Sioni kwamba mmoja alikuwa shujaa na mwingine mwoga. Utubora alibadilisha kazi. Muumba wake alibadilisha matumizi ya saa zilizobaki. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Wajibu wa kila mtu ni kuupima ubawa alio nao, kisha aruke nao badala ya kuulalamikia.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya walioshiba. Mama lishe anayeamka kuwasha mkaa usiku wa manane, atakaa saa ngapi kutafakari dira? Swali hilo ni la haki na nimelichukulia kwa uzito. Umaskini hula muda kabla ya kula kitu kingine chochote, na jamii inayowanyima wengi hata saa moja ya utulivu haina haki ya kuwahubiria ndoto. Tukitaka watu wajichagulie maisha, tuwape maji karibu, usafiri usiowala saa nne kwa siku, shule zisizowatisha watoto, mishahara inayofika kwa wakati. Lakini pia nakataa kusema kwamba maskini hana dira. Mara nyingi mama lishe huyo anajua kwa usahihi mkubwa kuliko mkurugenzi wa benki kila sahani ya wali inakwenda wapi: ni ada ya fulani, ni bati za nyumba ya mama mzaa chema. Dira anayo. Tunachomdaia sisi ni nafasi ya kujiingiza na yeye mwenyewe ndani ya hiyo dira, ili siku moja sahani mojawapo iwe kwa ajili ya jambo alipendalo.

Kwa msomaji anayeuliza aanzie wapi, jibu langu ni dogo. Chukua wiki yako iliyopita, siku kwa siku, uandike saa zako zilikokwenda. Andika ukweli, karatasi hiyo haitasomwa na mtu mwingine. Utaona kazi ya mwajiri, utaona foleni, utaona simu, utaona msiba na harusi, ambavyo ni haki ya ndugu na majirani. Kisha tafuta saa ambayo ulifanya jambo bila kutumwa, bila kulipwa, na hukuangalia muda. Huenda ni moja tu. Huenda ulikuwa ukimfundisha mtoto wa jirani hesabu, ukitengeneza kiti kilichovunjika, ukisimamia kikoba cha akina mama, ukiandika. Saa hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Wiki ijayo ifanye mbili, na ukubali kuacha kitu kimoja ili ya pili ipatikane. Baada ya mwaka ujiulize kama bado unaipenda. Kama huipendi, badili bila aibu. Aliyebadili njia baada ya kujaribu amejifunza kuliko yule aliyebaki amesimama. Kama bado unaipenda, basi una jambo lako, na hakuna ajira wala ukosefu wa ajira utakaokunyang'anya.

Nanyi wazazi na walimu, nawaomba tulibadilishe lile swali tunalowauliza watoto. Mtoto akikujia na lengo ambalo hukulitarajia, usimwambie kwanza juu ya ajira. Mwulize amelifanyia nini wiki hii. Akikosa jibu, mpe muda ajaribu. Akiwa na jibu, kaa chini umsikilize, kisha mtafutie kitabu, fundi au mwalimu wa kumvusha hatua inayofuata.